Mwanamume Haingii Jikoni kwa Mama Yake

Kwetu Meru, kijana akishatahiriwa hupewa vitu viwili, heshima na njaa. Heshima ni ile nyumba yake ya mbao pembeni mwa boma, na kwamba hatumwi dukani tena kama mtoto. Njaa ni kwamba haruhusiwi kuvuka kizingiti cha jikoni kwa mama yake. Anakaa nje kwenye benchi, anatolewa sahani. Chakula kikichelewa anakohoa. Kuna siku nilikohoa hadi mama akaniletea dawa ya kifua.

Nisingelalamika, maana mimi ni mtu wa kunyamaza. Tatizo ni kwamba kazi yangu ni kupika. Nilipomaliza darasa la nane, sekondari ilikuwa ya watoto wa watu wengine, basi nikapata kibarua katika hoteli ndogo pale soko la Gakoromone mjini, karibu na wauza viazi. Nilianza na kuosha vikombe. Sasa napika chapati na maharagwe, na siku za soko mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba na mlinzi wa mila wa ukoo wetu, hula pale kila akija mjini. Huagiza chapati tatu na hajawahi kuuliza zimekandwa na nani. Inaonekana mila zetu hazina nauli ya kufika sokoni.

Mwaka huu mama aliteleza akichuma chai akavunjika mkono wa kulia. Hospitalini wakamfunga plasta, wakasema wiki sita. Dada zangu wawili wameolewa mbali. Mwenye hoteli aliniruhusu niwe natoka saa nane mchana, na siku ya kwanza nilifika nyumbani nikaelekea jikoni moja kwa moja, kama mtu aliyesahau umri wake. Mama alikuwa ameketi karibu na moto, anamenya kiazi kwa mkono wa kushoto. Kiazi kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi.

"Simama hapo," akasema.

"Nikushikie tu sufuria."

"Sufuria ni yangu. Rudi kwenye benchi."

Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nimejiandaa kupigania uhuru wangu dhidi ya wazee. Sikuwa nimejiandaa kupigana na mwanamke mwenye plasta.

Kesho yake baba mdogo alikuja na wazee wawili, wakanywa chai ambayo mama aliichemsha kwa mkono mmoja huku wakimwonea huruma.

"Mambo ni mepesi," baba mdogo akasema. "Mama yenu ataenda Embu, kwa mdogo wake pale mtaa wa Dallas, mpaka apone. Nimeshampigia simu. Jumapili anakuja kumchukua."

Mama hakutaka kwenda Dallas. Ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, na alijua atakaa wiki sita kwenye kiti cha mtu akiangalia televisheni na kuomba ruhusa ya kukoroga uji. Lakini wazee walimheshimu sana, kiasi kwamba hawakumwuliza.

"Au kijana aoe," mzee mmoja akatoa wazo.

"Kabla ya Jumapili?" mama akauliza.

Mzee akafikiri kwa makini, akasema labda Jumapili ni karibu.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na semina kwa chifu. Mama mmoja alikuwa ametoka Nairobi kutufundisha haki zetu, pamoja na soda. Alisema kila mtu ana uhuru wa kuamua maisha yake na asilazimishwe na mila. Baadaye akasema mila za kila jamii ziheshimiwe. Niliandika yote mawili, polepole kama kawaida yangu, nikasubiri aeleze yanafanyaje yakikutana kwenye jikoni moja. Hakufika huko. Alipokuwa akikusanya karatasi zake nilimfuata, nikasimama hapo hadi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamweleza.

"Una haki ya kuingia," akasema.

"Na mama ana haki ya kunikataza?"

"Hiyo pia anayo. Umeuliza swali zuri sana."

Akaingia kwenye gari. Nilirudi nyumbani na haki mbili na viazi kilo mbili.

Jioni hiyo nilipanga mawe matatu kwenye uwanja, mkabala na mlango wa jikoni, nikawasha moto. Sufuria ilikuwa yangu, kuni zangu, na viazi. Mama alitazama akiwa ndani. Maji yalipochemka, akasogeza kigoda chake mpaka kizingitini.

"Hayo maji yamezidi."

Nikapunguza.

"Na majani ya malenge yatoe nyuzi kwanza. Huko mjini mnawalisha watu kamba?"

Tukapika hivyo, yeye ndani na mimi nje, kizingiti katikati. Wakati wa kuponda alisema, "Ponda. Usipapase, hicho si kidonda." Kilipoiva nikampa sahani kupitia mlangoni. Akala kwa mkono wa kushoto, akasema chumvi ni kidogo, akaongeza.

Jumamosi baba mdogo alitukuta.

"Hii ni nini?"

"Ni moto," nikasema. Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyowahi kumpa.

"Ni jikoni."

Wazee waliitwa. Mmoja alisema jikoni lazima iwe na paa. Mwingine alikumbusha kwamba wanaume wa zamani walichoma nyama nje na hakuna aliyekufa.

"Nyama ni nyama," baba mdogo akasema. "Viazi ni vya wanawake."

"Sawa, shemeji," mama akasema kutoka kizingitini. "Na zile chapati tatu za Gakoromone, ni za nani?"

Kumbe kijiji kizima kilijua. Baba mdogo aliangalia ng'ombe kwa muda mrefu, kama anayemhesabia siku za kuzaa. Kisha akatoa uamuzi kwamba mawe hayo si jikoni, mradi nisiyawekee paa.

"Na mvua ikinyesha?" nikauliza.

"Mvua haijavunja mila ya mtu."

Jumapili mama mdogo alifika kutoka Embu na gari la kukodi. Alimkuta dada yake kizingitini, sahani tupu mapajani.

"Mbona hujafunga mizigo?"

"Nimeshakula," mama akasema. "Na ng'ombe wangu hajui njia ya Dallas. Kaa upakuliwe."

Mama mdogo alikaa, akala, akarudi Embu na kiti kimoja kitupu garini.

Jumanne mvua ilishuka viazi vikiwa nusu. Nilibaki pale pale, maana uamuzi wa wazee ulikuwa wazi. Mama alichukua mwavuli wake wa kanisani, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka ukafunika sufuria. Bega langu halikufikiwa. Ili mwavuli unifikie na mimi ilibidi aweke mguu mmoja nje. Mwavuli si paa. Mguu mmoja si mtu mzima. Akaniambia niharakishe, mkono unachoka.