Swichi za Nyumba ya Fundi Umeme

Mji mzima unamwita mume wangu Fundi Mwanga. Mimi, nikiwa peke yangu jikoni, namwita Fundi Kesho.

Mtu huyu akipigiwa simu alfajiri na mteja asiyemjua, kwamba swichi ya choo inatoa cheche, anaruka kitandani, suruali bado iko mguu mmoja, huyo! Kazi yake ni safi, sikatai. Swichi yake haikai upogo hata siku moja. Anapima kwa jicho, anarudi nyuma, anasogea tena, na akimaliza anafuta ukutani alama za vidole vyake kwa kitambaa. Wanawake wamenisimamisha sokoni kunisifia mume. "Mwenzetu una bahati, kwako lazima kunawaka kama mchana." Nacheka nao. Ningefanyaje?

Kwangu sasa. Swichi ya sebuleni ukiiachia tu taa inazima, kwa hiyo tumechomeka kijiti cha kiberiti ili isirudi. Ya jikoni inalia kama nyuki. Ya chumbani kwetu inawasha ikijisikia. Na ya korido, hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Alizifunga zote mwenyewe tulipohamia, na tangu wakati huo hajazigusa. Kifuniko cha hiyo ya korido kilivunjika zamani, kikashikiliwa kwa tepu nyeusi, tepu nayo ikachoka, na ukiigusa na mikono yenye maji inakupiga mpaka begani. Mganga hajigangi, hilo nilifundishwa. Kwamba na watu wa nyumbani mwake huwaacha wafe, hilo hakuna aliyeniambia.

"Mume wangu, swichi ya korido."

"Kesho, mama watoto. Leo nimechoka."

Kesho ikifika, nayo inakuja na kesho yake.

Basi mama mkwe akahamia kwetu. Macho yake yamepungua nuru, anatembea kwa kupapasa ukuta. Chumba chake kiko mwisho wa korido, choo kiko mwanzo wake, na akishanawa anarudi na mikono yake ya maji akipapasa ukuta uleule. Nikamwambia mume wangu, "Siku moja utamzika mama yako kwa swichi ambayo kwa jirani ungeibadilisha chai haijapoa." Akasema nina mdomo. Nikasema vizuri, nitaita fundi mwingine. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Fundi mwingine aingie nyumbani kwangu? Unataka nichekwe?"

Jamani! Kuchekwa anaogopa, msiba haogopi.

Maji yalinifika shingoni siku nilipoukosa mwiko wangu. Chungu kiko motoni, chakula kinaanza kushika chini, mimi nazunguka nyumba nzima natafuta mwiko. Nikaukuta koridoni, umeegemezwa ukutani chini ya swichi. Nikamwuliza mama mkwe, akajichekesha.

"Ndio ninaowashia taa, mwanangu. Umeme ulinipiga, nikasema basi, mkono wangu sipeleki tena. Usimwambie baba. Kazi zinamchosha."

Huyo "baba" ni mwanawe, mume wangu. Nilitaka kulia, nilitaka pia kupasua sahani.

"Mama, umepigwa na umeme, halafu unamwonea huruma yeye?"

"Nimemzaa, nifanyeje?" Kisha akasema, "Lakini wewe unamwita vibaya. Huyu anaitika akiitwa na mteja."

Alasiri mume wangu aliporudi, mkoba wa vyombo begani, alimkuta mama yake kasimama mlangoni, kavaa nguo yake ya kutokea.

"Karibu, fundi. Nimekusubiri sana. Nina swichi mbovu."

Mume wangu akaangua kicheko. Anapenda mzaha, na huyo mama ndiye aliyemfundisha. "Samahani kwa kuchelewa, mteja wangu. Iko wapi hiyo?" Akavua viatu kama anavyovua kwa watu, akazima umeme kwenye swichi kuu, akabandua tepu, akafungua skrubu. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mwiko wangu, sisemi kitu, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi ngumu.

Ndani waya ulikuwa umeungua mpaka ukawa mweusi, na plastiki imeyeyuka. Akasonya, akatikisa kichwa, na mdomo ukamtoka kwa mazoea yake ya kila siku.

"Aisee! Fundi wenu ni nani? Huyu atawaua watu."

"Ni mwanangu," mama akajibu. "Fundi mzuri sana, mji mzima unamsifu. Ila kwangu hapati nafasi."

Hakucheka mtu. Simu ya mume wangu ikalia mfukoni, mteja huyo, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe. Akakata ule waya ulioungua, akatoa mkobani swichi mpya, akaifunga, akarudi nyuma kuitazama, akasogea tena. Akafuta ukuta. Akarudisha umeme.

"Washa, mama."

Mama akapapasa ukuta, vidole vikasogea, vikakaribia, vikasita. Akaurudisha mkono, akaunyoosha kwangu.

"Mwanangu, nipe mwiko."

Nilikuwa na maneno niliyoyatunza muda mrefu kwa ajili ya siku kama hiyo. Nilipoona uso wa mume wangu, niliyameza yote. Nikampa mama mwiko, akawasha taa. Fundi Kesho akaokota mkoba wake bila kuambiwa, akaenda jikoni, na kabla ya siku kuisha nyumba nzima ilikuwa na swichi mpya.

Mwiko nimenunua mwingine. Ule wa zamani uko palepale koridoni, na kila jioni mume wangu anausikia ukigonga ukuta.