Mama wa Kondoa na Mume Wangu

Mume wangu alipoanza kurudi nyumbani shati limelowa jasho na uso umechangamka, akitoka kutembea na mwanamke ambaye si mimi, majirani wa mtaani kwetu Nkuhungu walinitazama kwa huruma. Nami nilijihurumia. Niliona wivu hasa, ule wa kumnyima mtu hamu ya ugali. Kwamba yeye alikuwa na saratani ya tumbo, na huyo mwanamke ana saratani ya titi, hakukunipunguzia hata kidogo.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Alikuwa amemaliza dawa za dripu, zile zinazonyonyoa nywele, na daktari wa upasuaji alitaka apumzike kwanza mwili urudi kabla hajamkata. Mimi nilisikia neno kupumzika tu, nikatandika kitanda. Kumbe kijana wa mazoezi pale hospitali alikuwa na maana nyingine. Alisema misuli na mapafu lazima viamshwe, la sivyo mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji hana nguvu za kutokea. Mwalimu atembee kila asubuhi kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akija kupimwa bado dhaifu, upasuaji utasogezwa, na uvimbe utapata nafasi ya kukua tena.

Nikasema hiyo ni kazi yangu. Ya nani mwingine?

Asubuhi ya kwanza tulitoka, yeye na kofia yake ya sufu, mimi na raba za binti yetu. Hatukufika mbali. Nusu ya mtaa ule amewafundisha yeye, na nusu nyingine nimewashonea nguo mimi. Kwenye geti la kwanza tu: "Shikamoo mwalimu, pole na kuumwa." Mtu akikusalimia hivyo huwezi kumjibu ukiwa unampa mgongo. Alisimama, akaulizwa amelalaje, chakula kinapita, watoto wanasemaje. Mimi nikaulizwa gauni la kipaimara limefikia wapi. Mbele kidogo mzee mmoja akatupokea kwa mbukwa, na salamu ya mzee wa Kigogo haina haraka, lazima ipitie kwenye ng'ombe na mvua kwanza. Tulirudi nyumbani jua linachoma na mume wangu hana jasho hata puani. Nikampa uji, nikamsifu. Tuliendelea hivyo kila asubuhi, tukisalimiana kwa bidii.

Siku ya kupimwa, kijana wa mazoezi alimwambia atembee kwenye korido kwenda na kurudi. Katikati ya korido mume wangu akatafuta ukuta, akaushika, akahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Mama, mnatembea kweli?" kijana akaniuliza.

"Kila siku," nikasema, na sikudanganya.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Kondoa, mjane, mkulima wa kule milimani. Alikuwa amefikia kwa dada yake, mtaa wa nyuma yetu, kwa ajili ya matibabu. Yeye alikuwa ametoka kwenye korido ileile bila kushika ukuta. Akamuuliza mume wangu huwa anatembelea wapi.

"Hapohapo mtaani."

"Mtaani kwenu, mwalimu?" Akacheka. "Hapo si unasalimia tu!"

Kijana wa mazoezi akacheka pia, akasema basi tembeeni pamoja, nyie ni majirani. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Siri ya yule mama ilikuwa kwamba Nkuhungu hajuani na mtu. Akisalimiwa alikuwa anainua mkono na kusema, "Marahaba, tuko kwenye dawa!" huku anapita. Na watu wakakubali! Mimi ningepita hivyo wangenisema hadi kanisani. Mume wangu naye akajifunza. Nilimsikia kutoka getini akiwapazia sauti wanafunzi wake wa zamani, "Tuko kwenye dawa!" kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Mteja wangu mmoja, ameketi pembeni ya cherehani yangu, akasema, "Fundi, mwalimu siku hizi kijana." Nikamrudishia kitambaa chake, nikamwambia nina kazi nyingi.

Wangekuwa wanatembea tu, labda ningevumilia. Asubuhi moja waliporudi wakasimama getini kuvuta pumzi, nami nilikuwa nyuma ya ukuta naanika nguo.

"Vidole bado vina ganzi?" akauliza mama wa Kondoa.

"Vya miguu tu."

"Na maji?"

"Bado yana ladha ya chuma."

Wakacheka, wote wawili, kama watu waliosoma shule moja. Mimi ndiye niliyeshika beseni alipokuwa anatapika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa hayo maji, asubuhi na jioni, na hakuwahi kuniambia yana ladha ya chuma.

Nilimuuliza wakati wa chakula, "Huko njiani mnazungumza nini?"

"Pumzi ya kuzungumza iko wapi?"

"Si uliambiwa lazima uweze kuzungumza?"

Nilikuwa nimemkamata. Akachezea tonge kidogo, kisha akasema, "Tunazungumza habari za kufa. Kwako siwezi, utalia."

Nikalia palepale, kwa hasira.

Tarehe ya upasuaji ya yule mama ikatangulia. Alikuja kutuaga, amejifunga mtandio mpya, na alipotoka akanishika mkono. "Dada, usimwache asimame. Ukisimama wewe, naye atasimama." Nikamwambia asante, Mungu akutangulie. Niliitikia kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nasema sasa tumebaki wawili.

Lakini kupimwa kwa mwisho kulikuwa karibu, na mimi mtaa mzima ulikuwa bado unanijua. Kesho yake tukatoka. Nilipita geti la kwanza, nikapita la pili, nikamwacha mwenyekiti wa kwaya na mkono wake hewani. "Tuko kwenye dawa!" nikasema, sauti inanitetemeka kwa aibu. Tukakata kona, tukakutana uso kwa uso na kaka mkubwa wa mume wangu, ametoka Chamwino alfajiri na kuku mkononi kuja kumwona mgonjwa. Mume wangu akaanza kupunguza mwendo. Nikamvuta mkono wa shati.

"Shikamoo shemeji! Tangulia nyumbani, mlango uko wazi, tunakuja!"

Shemeji alibaki kinywa wazi. Katika ndoa yangu yote sijawahi kumpita shemeji mkubwa njiani. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, ila miguu haikusimama, na mgongo wa shati ukaanza kulowa. Ndipo akasema, "Leo umenitembeza kama mama wa Kondoa."

Nilitamani kumwacha palepale vumbini. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza.

Alipopimwa, alikwenda korido nzima na kurudi, akazungumza na kijana wa mazoezi njia nzima. Daktari akampa tarehe. Tulikaa kwenye benchi nje, mimi machozi yananitoka, nikingoja aniangalie. Akatoa simu. Mtu wa kwanza aliyempigia ni mama wa Kondoa, wodini.

"Weka sauti kubwa," nikamwambia. "Nami nisikie."

Sauti ya yule mama ilikuja nyembamba, nikadhani amekosea namba. Alishukuru Mungu kwa ajili yetu. Akasema amekatwa salama, ila mkono hauinuki, na manesi wanamtaka aanze kutembea leo hii, na dada yake anaogopa hata kumshika. Tukasikia anavuta pumzi.

"Mwalimu, mimi nilikutembeza wewe. Sasa mimi nani atanitembeza?"

Mume wangu akafungua kinywa. Niliona kabisa anataka kusema nini, yeye na tumbo lake linalosubiri kisu.

Nikaikwapua simu. "Mimi," nikasema. "Nakuja sasa hivi."