Asali Aliyoitema Gaudensia

Gaudensia wa Kanyenye hakuwa na mashine ya kupimia asali. Alikuwa na ulimi. Kwa miaka ishirini na mbili wachuuzi pale sokoni hawakununua ndoo hata moja kabla yeye hajachovya kijiti, akalamba, akafumba macho, akasema "pita" au "rudi nayo". Aliijua asali iliyotiwa sukari, iliyochemshwa, iliyorinwa kabla haijaiva. Na alijijua kwamba anajua, maana kuringa nako alijaliwa.

Basi mwezi wa nane aling'olewa gego la chini, upande wa kulia. Aliyemng'oa alimwambia asitie kitu chochote kwenye lile tundu, aache damu igande, kidonda kitajifunga chenyewe. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyoitikia mahubiri huku wakiwaza chakula cha mchana. Kufika nyumbani akafanya kama alivyofanya bibi yake: akalishindilia tundu kwa ugoro, tumbaku ya kienyeji iliyosagwa na magadi. Ulimchoma, kisha ukayafisha maumivu, akaona hiyo ndiyo dawa. Kila asubuhi aliukokoa kwa njiti, akashindilia mwingine. Wiki sita! Mtu mzima na akili zake anajaza uchafu kwenye jeraha wiki sita, halafu anashangaa linanuka.

Maana lilinuka kweli. Mkwewe Recheli alianza kumsalimia akiwa ameelekeza uso dirishani. Wajukuu walihama mkekani mmoja mmoja. Akitema mate, yalitoka na ute wa kijivu wenye nyuzi za damu, naye aliufukia kwa mguu upesi upesi, kinyaa kimemjaa. Maumivu yalipanda mpaka sikioni. Lakini badala ya kujinusa mwenyewe, Gaudensia alianza kuwanusa watu.

Siku moja mzee Alois, mrina asali wa Itetemia, alileta ndoo tatu. Alikuwa akimletea tangu mwanzo, wala hakuwahi kurudishwa. Gaudensia akalamba, na pale pale akatema chini, soko zima likitazama.

"Hii imeoza! Asali gani hii, mzee Alois? Umekamulia na mizoga?"

"Mwanangu, hebu onja tena."

"Nionje tena nitapike? Toa hapa!"

Mzee akafunika ndoo zake, akaondoka nazo. Tangu siku hiyo hakuna mchuuzi aliyeulizia asali yake. Wiki iliyofuata Gaudensia akawarudisha warina wengine wawili, akalalamika kwamba siku hizi kila mtu ni tapeli.

Mdomo wake wa chini ulipokufa ganzi, chai ikawa inamchirizika kidevuni bila yeye kujua. Recheli hakubembeleza tena. Alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja wa makamo aitwaye Theodora.

Theodora alimpapasa taya, akagonga meno ya jirani kwa mpini wa kifaa chake, akamgusa mdomo kwa pamba. "Unasikia, mama?" Hakusikia kitu. Akapimwa sukari, ikaonekana iko sawa. Akapigwa picha ya eksirei.

"Tundu likikosa damu ya kuganda linauma sana, lakini baada ya wiki moja, mbili, hutulia," Theodora alisema, akiinua picha kwenye mwanga. "Kama kuna mzizi umebaki, ningeuona hapa. Haupo. Ila tazama mfupa huu, umeliwa kama makopa ya muhogo yaliyoingiliwa na fukusi. Na hiyo ganzi inaonyesha mshipa wa fahamu ndani ya taya umeguswa. Nadhani maambukizi yameingia kwenye mfupa. Uliweka nini humu?"

"Sikuweka kitu. Nilisukutua maji ya chumvi tu."

Theodora akaingiza kibano, akatoa kidonge cheusi kinachovuta uzi, akakiweka kwenye kitambaa cheupe chini ya pua ya mgonjwa. Recheli alikimbilia mlangoni akiziba mdomo.

"Chumvi ya wapi hii, mama?"

"Ugoro," Gaudensia akasema, macho chini.

Daktari akabonyeza taya. Usaha ukatoka pale tundu lilipozibuliwa, ukamfikia ulimini, wa uvuguvugu, mchungu, wenye uozo. Hapo akautambua. Ndiyo ladha ile ile aliyoitema sokoni.

Alichomwa sindano ya ganzi, kikatolewa kipande cha mfupa mfu, na kingine kikapelekwa maabara. Akapewa dawa za wiki nyingi. Njiani alimweleza Recheli habari ya asali ya Alois, naye akamtuliza.

"Utapona, mama. Nani atajua?"

Gaudensia alilipima hilo siku tatu. Akinyamaza, Alois atabaki tapeli. Akisema, hakuna mchuuzi atakayeuamini ulimi wake tena, na ulimi ndio uliomlisha. Siku ya nne akaenda Itetemia, taya limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

"Asali yako ilikuwa nzuri, mzee. Kilichooza ni kinywa changu. Kesho ilete sokoni, nitalisema hilo mbele ya wote walionisikia."

Alois alisugua magoti yake.

"Siku ile nilipofika nyumbani niliionja," akasema. "Nikaona tamu."

"Ilikuwa tamu, mzee."

"Nikajiambia, Gaudensia hajawahi kukosea, basi ulimi wangu ndio umezeeka. Nikaimwaga yote shimoni. Mizinga nayo nikaichoma moto, yote thelathini, na ile aliyoniachia marehemu baba, nikidhani ina ugonjwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Gaudensia alijichukia. Mate yalimjaa kinywani, akakosa pa kuyatema.