Nilivyozibua Mishipa ya Baba Mkwe kwa Antibiotiki

Baba mkwe wangu alimfukuza mke aliyeishi naye miaka arobaini kwa sababu ya unga mweupe ndani ya uji.

Aliyemwonyesha ule unga ni mimi. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Naitwa Jephté. Nina duka la dawa Bulengera, hapa Butembo. Nilisoma uuguzi miaka miwili nikaachia njiani, lakini mtaani wananiita docteur, na mimi naitika.

Shida ni kwamba baba mkwe alikuwa na docteur wa kweli. Luc, aliyeoa dada ya mke wangu, anatibu hospitali kubwa huko Beni. Kwenye sherehe Luc anakalishwa ubavuni mwa mzee, mimi natumwa kufungua chupa. Roho iliniuma miaka yote hiyo.

Mwaka jana mzee Vagheni akaanza kubanwa na kifua kila akipanda mlima kwenda misa. Luc akampima. Mishipa ya moyo imeziba. Akampa vidonge vya kila siku, maisha yake yote.

Mzee akaja dukani amenuna.

"Jephté, dawa ya kumeza mpaka kufa njo dawa gani? Malaria yenyewe inaisha na siku tatu."

Nikaona nafasi yangu imefika.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kuna mikrobe, yaani vijidudu, iliyokutwa ndani ya mafuta yanayoziba mishipa, na madaktari wakajaribu antibiotiki. Makala ilikuwa ndefu. Niliishia nusu.

"Papa, iko mikrobe mu mishipa. Minakupatia doxycycline ya wiki tatu, mikrobe inakufa, njia inafunguka. Bidonge bya Luc, hapana kumeza tena."

"Lakini Luc hakuniambia bya mikrobe."

"Bagonjwa bakipona, Papa, Luc atatunza nani?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Na akapata nafuu, jamani. Wiki ya tatu anapanda mlima bila kusimama. Baada ya misa akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Wasingya, asante, Jephté. Uyu njo mukwe. Ule wa Beni iko na blouse nyeupe ya docteur tu."

Luc alikuwepo. Akainama kuangalia viatu vyake. Sikuwahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Asubuhi moja nikampelekea doxycycline nyingine aliyoomba. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, lakini mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nikamwona mama mkwe wangu, Mama Kanyere, anaponda vidonge kwa mgongo wa kijiko, anamwaga unga kwenye uji wa mzee.

"Papa, kuya uone."

Unga wa namna hiyo mjini kwetu una jina moja: karuho, sumu ya kuua mtu taratibu. Majirani walijaa uani kabla uji haujapoa.

Mama Kanyere hakubishana na mimi. Mama mkwe mwenye heshima habishani na mkwe wake. Akafunika kichwa kwa kitenge, akaongea na mume wake tu.

"Vagheni, ni dawa ya Luc. Ulikatala kuimeza, nikakuwekea mu uji. Njo maana uko unatembea."

Mzee akanigeukia. Alikuwa ameshika bakuli la uji.

"Jephté, weye njo unajua dawa. Anasema kweli?"

"Hapana, Papa. Hii si dawa."

Siku hiyohiyo Mama Kanyere akapandishwa pikipiki, akarudishwa kwa kaka zake kijijini Luofu. Baada ya wiki tano mzee alianguka kwenye ule mlima, kitabu cha nyimbo mkononi, hakuamka. Watu wakasema karuho imemaliza kazi yake. Mama Kanyere alikuja mazishini, vijana wakamzuia barabarani. Hakumwaga hata konzi moja ya udongo.

Ndipo nikasoma nusu ya pili ya makala. Wagonjwa maelfu walipewa antibiotiki. Haikuwasaidia kitu.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu.

Mzee aliponiuliza, nilikuwa nimekanyaga karatasi ya vile vidonge pale kizingitini. Nilishaisoma. Ilikuwa dawa ya Luc, ileile niliyomkataza. Ningesema ndiyo, ningerudi kufungua chupa.

Fundisho: usimpe mtu dawa uliyoisoma nusu. Na mtu akikuuliza kweli akiwa ameshika uhai wake mkononi, mjibu.

Mimi nimejibu leo kwa kuandika, hapa kwenye simu, kwa sababu Mama Kanyere hajui kusoma.