Mwizi Aliyeniamkia Kwenye Kompyuta

Nakiri mwenyewe. Kompyuta ya chama chetu cha wauza dagaa wa soko la Kirumba, inayotumia mfumo wa Linux, nilikabidhiwa mimi niilinde, mimi niliyeishia darasa la tatu! Binti yangu Kabula, fundi aliyeko Sengerema, akanipigia simu nibonye "Ruhusu" aitengeneze kutoka hukohuko. Nikabonya, nikaenda kula sato. Sato yule, jamani, alinisahaulisha kila kitu.

Kurudi, mshale wa kwenye skrini unatembea wenyewe!

"Mwizi! Anaiba majina ya wanachama!" nikapiga yowe.

Soko zima likajaa ofisini. Maneno yakaanza kujiandika. Nikamwamuru mama mmoja muuza dagaa asome kwa sauti, mwizi aumbuke.

Akasoma: "Shikamoo baba, ni Kabula. Nimemaliza. Bila nywila yangu hapiti mtu."

Vicheko! Nikatanua kifua, nikaijibu kompyuta: "Marahaba, mwanangu!"