Nilimfukuza Aliyekuja Kulia Nami

Naandika haya kwa aibu. Juzi, kwenye msiba wa mume wangu hapa Ibadakuli, aliingia Mama Neema, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita aliyefanya biashara na marehemu. Akaketi nami mkekani. Nikimchungulia, naona mdomo umevutika upande mmoja. Anacheka! Kila nilipolia, mdomo ule ule. Mimi nisiyepaza sauti hata kwa kuku, nikapaza:

"Mama Neema, unacheka msiba wangu? Toka kwenye mkeka wangu!"

Hakuondoka. Alivua mtandio mbele ya wote, akatuonyesha kovu mbele ya sikio.

"Mama Kulwa, nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso, nirudie usichana," alisema bila kuficha. "Mshipa wa fahamu ukaumia. Upande huu bado umelala, daktari anasema utaamka polepole. Nicheke, nilie, unavutika huo mwingine tu."

Mwanamke tajiri vile, kajianika mbele ya majirani zangu ili nisibaki na uchungu! Ndipo nikamtazama machoni. Machozi yalikuwa yamelowesha gauni lake hadi kifuani, na wanawake wote walikuwa wakinitazama mimi.