Mashine Iliyokataa Kutoa Unga

Mishahara ilipokwisha kule kiwandani Shituru, wafanyakazi walianza kulipwa kwa unga. Dereva wa lori hakushusha gunia bila bon, hati za kuchukulia unga, zilizochapishwa, na siku ile alisema jua likizama anarudi Lubumbashi na mzigo wake. Baba alikuwa mmoja wa waliosubiri. Aliyetakiwa kuchapisha ni mimi.

Programu niliiandika mwenyewe, kwa BASIC ya zamani, lugha ya kuandikia programu, nikajisifu nayo kambi nzima ya wafanyakazi. Kisha waporaji wakabeba kompyuta. Disketi yenye programu ilibaki kwa sababu nilikuwa naitumia kufunikia kikombe. Sasa tulikuwa tumeazima mashine mpya, yenye BASIC mpya, nayo ilisimama kwenye mstari wa tatu na kugoma.

Nililaumu disketi. Nikalaumu joto, umeme, serikali. Chuoni nilihoji Biblia, chama na wali wa kantini, lakini programu yangu sikuihoji hata mara moja.

Mama aliingia na wenzake wawili wa kanisani.

"Tuombee hii machine, mon fils. Iko na pepo."

"Maman, haina pepo. Iko na version mupya."

"Basi iko na pepo mupya."

Niliwatoa nje kwa adabu. Dirishani mwanamke mmoja akaniita, "Weye universitaire, tutakula machine?"

Hatimaye nikaona. Ndani ya programu nyumba za kambi niliziita CASE, kama tunavyosema kwa Kifaransa. BASIC ya zamani haikujali. Hii mpya ilikuwa imelichukua neno hilo liwe amri yake, nisiweze kulitumia kama jina. TYPE, jina langu jingine, nalo lilikuwa limechukuliwa. Nikabadilisha moja baada ya jingine, na kila mstari niliouponya uliniletea jirani yake mgonjwa. Nje, dereva aliwasha injini.

Mstari wa mwisho ulipokaa sawa, nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikaweka kiganja juu ya skrini, nikafumba macho, ndipo nikabonyeza.

Printa ikaanza kupiga kelele. Nilipofumbua macho, Mama alikuwa amesimama mbele yangu, akitazama mkono wangu. Hakucheka. Alichana bon za kwanza, akageuka kumkimbilia dereva.

"Toa mukono," alisema akiwa mlangoni. "Pepo imeshatoka."